Mkateni

Sinia langu la harusi lilipotea siku tulipomkata kiboko. Nasema "lilipotea" kwa adabu tu, maana nililiona kwa macho yangu likitoka uani kichwani mwa mtu, limebeba kichwa cha kiboko chenye masikio mawili na meno ya karanga, na ua lilikuwa limejaa watu. Ila kila ninayemuuliza anasema wakati huo yeye alikuwa anatazama tanuri.

Nianze na shemeji, kwa kuwa mambo mengi ya nyumba hii huanza naye.

Ni mdogo wake Baba Watoto, kitinda mimba wa mama mkwe, na sanaa aliisomea Bagamoyo. Alishuka na treni ya Tabora mwezi wa kumi, wakati ambao joto la Mpanda hukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, akanikuta stesheni na beseni langu la maandazi. Reli hii ya kilomita 210 kutoka Kaliua, Waingereza waliijenga kufuata madini ya risasi. Machimbo yalishakufa zamani, reli ikabaki, nayo imeendelea kutuletea mashemeji.

Alikula maandazi saba bila kupumua. La nane akalivunja katikati, akachungulia vitundu vya ndani kama fundi saa.

"Shemeji, unajua kwamba wewe ni msanii?"

"Ninachojua ni kwamba nakudai elfu moja na mia sita."

Akacheka. Kulipa hakulipa.

Usiku uleule, tukiwa tumekaa uani kwetu Makanyagio, mama mkwe kwenye mkeka wake na Baba Watoto na redio yake, akatufunulia alichokuja nacho. Tutaoka mkate mmoja wa mtaa mzima. Kila nyumba italeta konzi za unga wake, unga wowote unaoliwa nyumbani humo. Watakanda wote, watafinyanga wote, tanuri watajenga wote, na mkate watakula wote. Hakutakuwa na mpishi upande huu na mlaji upande ule. Na kwa kuwa tuko Katavi, mkate utakuwa na umbo la kiboko.

"Kiboko mzima?" nikauliza.

"Mzima, shemeji. Na mkia wake."

Hakuwa anaropoka, hilo nampa. Alitueleza habari za Malya, kule Kwimba, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaenda kufanya michezo ya kuigiza pamoja na wanakijiji, juu ya matatizo ya wanakijiji wenyewe, badala ya kuwapelekea mchezo uliokwisha kupikwa mjini. Akatueleza pia habari za Peter Schumann, Mjerumani aliyehamia Marekani na mwaka 1963 akaanzisha New York kikundi kiitwacho Bread and Puppet, yaani mkate na vikaragosi. Huyo bwana huoka mwenyewe mkate mgumu wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, na watazamaji hugawiwa bure, umepakwa rojo la kitunguu saumu. Hoja yake ni kwamba sanaa ni chakula, si pambo la ukutani kwa wenye pesa.

"Na huyo mzee kuni ananunuliwa na nani?"

"Kuni ni za jamii, shemeji."

Baadaye niligundua kwamba jamii ni mimi.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote, anachambua maharage. Yeye ni Mbende wa Karema, pale kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 na miaka sita baadaye ikaingia mikononi mwa mapadri. Anaapa kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akilisikia tanuri la mapadri kwa pua kabla hajaliona. Kwa hiyo habari ya tanuri haikumsumbua. Kilichomsumbua ni kiboko. Hifadhi yetu imechukua jina la Katabi, mzimu ambao wazee wa Kibende wanasema makazi yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka chini ya mti huo. Mama alisema vitu vya ziwani havifanyiwi mzaha bila hodi.

"Basi mama utatupigia hodi wewe," shemeji akasema.

"Nitapiga. Na kipande cha kwanza hakuna wa kukila."

Baba Watoto akazima redio, akauliza mlango wa tanuri auchomelee kwa upana gani. Huo ndio utaratibu wa mume wangu. Katika jambo lolote la wazimu la ndugu yake hatasema ndiyo wala hapana, atauliza vipimo.

Sasa niseme kidogo kuhusu mikono yangu, maana ndiyo iliyodharauliwa. Nimezaliwa Ujiji, nimekuzwa kwenye harufu ya mkate wa kumimina wa marehemu mama yangu, na nimekaanga maandazi Mpanda kwa miaka kumi na moja. Naamka saa tisa usiku. Mwezi wa sita, baridi ikiwepo, maji ya kukandia nayatia uvuguvugu, donge nalifunika blanketi kama mtoto mchanga. Mwezi wa kumi nakandia maji ya mtungini na hamira naipunguza nusu, la sivyo likishaumuka halinisubiri. Kidole nakididimiza kwenye donge: shimo likirudi upesi, bado; likirudi polepole, tayari; likibaki vilevile, umeshachelewa na leo utauza vitu vilivyododa. Hayo sikuyasoma popote. Lakini shemeji alipoambiwa, alitabasamu namna wasomi wanavyomtabasamia bibi kizee anayesimulia ndoto.

Tanuri lilijengwa kwa siku mbili, na kusema kweli zilikuwa siku nzuri. Udongo ulikuwa wa kichuguu, mikokoteni mitatu. Mchwa huugandisha udongo wa mfinyanzi kwa mate yake, ndiyo maana huku kwetu watu hufyatulia matofali na kusiribia sakafu kwa udongo huo. Watoto wa mtaa waliukanyaga kwa miguu, wakachanganya majani makavu yaliyokatwakatwa, wakawa wekundu mpaka magotini. Juu ya msingi wa matofali shemeji akalundika mchanga mbichi, akauchonga ukawa kama tumbo la mjamzito, akaufunika magazeti yaliyolowa, kisha udongo ukapakwa juu yake kwa unene wa kiganja. Ukishashika, unachimba mchanga wote kupitia mdomoni, kuba linabaki tupu. Watoto waliuchota kwa vikombe, mmoja akaingiza kichwa ndani akaita jina lake ili asikie linavyorudi, na baada yake ikabidi wote waingize vichwa, kwa foleni.

Mdomo wa tanuri una kanuni. Kimo chake kiwe karibu theluthi mbili ya kimo cha kuba kwa ndani, ili hewa iingie kwa chini na moshi utoke kwa juu. Ukiwa mkubwa kupita hapo, joto lote linakimbia. Shemeji kanuni hiyo aliijua na aliifuata kwa sentimita. Mdomo ulitoka upana wa sentimita arobaini, Baba Watoto akauchomelea kifuniko cha bati la pipa, wote wakaukubali. Kumbuka hizo arobaini.

Mama akasema tanuri likaushwe wiki nzima kwa moto mdogo. Shemeji alikuwa ameshatangaza Jumamosi. Likakaushwa siku tatu, likapata nyufa mbili, moja kubwa ya kupitisha kidole. Akasema ufa nao ni sehemu ya kazi.

Jumamosi asubuhi watu wakaanza kuingia na vikombe, vibakuli, mifuko ya plastiki. Kama hujui Mpanda ni mji wa watu gani, ungekaa pale getini ukatazama unga. Mama Katumba, ambaye sote tunamwita kwa jina la makazi alikozaliwa, alileta muhogo, mweupe kama chaki. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa msitu wa Katumba waufyeke, na mwaka 2014 familia yao ilikuwa miongoni mwa maelfu waliopewa uraia wa Tanzania. Alilitua bakuli lake mezani kwa mikono miwili. Mama wa Kifipa wa nyumba ya pili akaleta ulezi, ambao Mfipa hawezi kukaa bila huo. Wasukuma wenye ng'ombe walileta mtama na kidumu cha maziwa. Kulikuwa na sembe, kulikuwa na mchele wa Mpimbwe uliopitishwa mashineni, na kijana wa bodaboda ambaye hana jiko wala mke alileta pakiti ya biskuti alizozisaga kwa chupa. Mama Inyonga akaleta asali, chupa ya lita moja na nusu, nyeusi, ya miombo, ambayo ukiinusa unanusa na moshi wake.

Ngano? Ngano hakuna aliyeleta. Sisi si watu wa ngano. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini hutoka ng'ambo, inatufikia kwa lori, na kwa bei ya lori. Nikaingia ndani nikatoa kilo kumi nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya maandazi ya Jumatatu.

Nilimwita shemeji pembeni nikamweleza taratibu. Kwenye ngano kuna kitu, wataalamu hukiita gluteni. Ukikanda kinavutika kama utando, hamira ikipumua ndani yake hewa inanaswa, mkate unapanda. Muhogo hauna hicho kitu. Ulezi hauna. Mtama, mahindi, mchele, hazina. Ukizitia kwa kiasi zinasafiri na ngano. Zikiwa nyingi zinaishusha ngano njiani.

"Sanaa haina kibaba, shemeji," akanijibu.

Alipogeuka kupokea wageni niliongeza kilo mbili. Ndiyo akiba yangu ya mwisho, na sijawahi kumwambia mpaka leo, atasoma hapa.

Tulichanganya kwenye beseni la kuogeshea watoto. Maji, chumvi, maziwa ya Wasukuma, hamira ambayo mwenye duka aliichangia kwa kopo zima, na asali. Nilisema asali itiwe robo. Nilikwenda kufukuza mbuzi, niliporudi chupa ilikuwa tupu na Mama Inyonga analamba kizibo.

Halafu watu wakaanza kukanda, na hapa lazima nisimame, kwa sababu sijaona kitu kama kile. Nimekanda peke yangu gizani kwa miaka kumi na moja, sikuwahi kujua kwamba ukandaji una sura. Mke wa Msukuma alilipiga donge kwa ngumi kutoka juu, kama anayetwanga, na kila pigo na pumzi yake. Kijana wa bodaboda alilikamua kama suruali iliyojaa tope. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuja kuuliza mkusanyiko huu ni wa nini, alivua saa akaifunga kwenye leso, akaanza kulibonyeza kwa vidole viwili kama anayejaribu embe. Mama wa Kifipa alilizungusha, alilizungusha tu, mkono mmoja, kama ugali. Na Mama Katumba alifika zamu yake akanyamaza. Kisigino cha kiganja kikasukuma mbele, vidole vikakunja kurudi nyuma, robo mzunguko, tena. Sukuma, kunja, robo mzunguko. Hakuinua macho. Donge lililokuwa limekaa kama matope ya mto Katuma likaanza kung'ara chini ya mikono yake, na maneno uani yakapungua yenyewe mpaka ikabaki ile sauti ya donge na beseni. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema ni mara yake ya kwanza kushika ngano kwa wingi namna ile. Hivyo ndivyo anavyokanda udongo wa vyungu.

Basi tukalifunika na kanga mbili, tukakaa chini ya mwembe.

Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari na kutoa hewa ya kabonidioksaidi, na ikiwa katika joto inakula upesi. Sisi tulikuwa tumeipa lita nzima na nusu ya asali, saa saba mchana, Oktoba, Mpanda. Sikufika hata kumaliza kikombe cha chai. Mtoto mmoja akaja mbio akasema beseni linatapika.

Halikupanda juu, kama donge lenye adabu linavyopanda. Asali ilikuwa imelilegeza na zile nafaka nyingine zimelivunja nguvu, kwa hiyo lilitambaa. Lilishuka ukingoni mwa beseni kwa pande tatu, likashika mkeka wa mama mkwe na kiatu kimoja cha mwenyekiti, na juu yake likawa linatoa mapovu, moja moja, kila povu likipasuka kwa mlio mdogo.

"Linapumua," mama akasema, akavuta miguu. "Niliwaambia mpige hodi."

Tukalikusanya kwa viganja na mwiko wa ugali. Shemeji, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kupoteza rangi, akatangaza kwamba sasa ni wakati wa kufinyanga. Bati jipya la paa, lile Baba Watoto alilokuwa amenunua kwa ajili ya banda la kuku, likapakwa mafuta likawa meza. Watu wapatao thelathini wakalizunguka, na hapo tena mtaa wetu ukaonyesha mambo. Tunawajua viboko. Kiangazi hiki hiki, huko hifadhini, Katuma ukikauka wanabanana kwa mamia kwenye madimbwi ya tope, wamelaliana migongo mpaka huoni maji. Kila mtu alikuwa na hoja juu ya shingo ya kiboko, na jirani yetu mmoja ambaye ni askari wa wanyamapori alikuwa na hoja juu ya kila kitu. Mwenyekiti alipewa mkia. Watoto walipewa vidole, wakabishana ni vingapi. Askari akasema ni vinne kila mguu, na ni kweli. Kichwa kilikuwa kikubwa, kikafinyangwa peke yake, na mimi kwa ujinga wangu nikaingia ndani nikalitoa sinia langu la harusi likibebe.

Tatizo la kiboko wetu ni kwamba tulimfinyanga amesimama. Kufika wakati wa kumtia macho alikuwa amepiga magoti. Baada ya robo saa alikuwa amelala, na baada ya nyingine alikuwa amelala kama kiboko aliyekula sumu, upana wa mita nzima, ukingo hadi ukingo wa bati. Shemeji akasema mlalo huo una ukweli zaidi.

Wanaume wanne wakanyanyua bati wakaliendea tanuri.

Hapo ndipo wote, kwa pamoja, tukauona mdomo wa tanuri. Sentimita arobaini. Bati likasimama hewani. Mtu mmoja akacheka, akaacha. Wale wanne wakajaribu kumwinamisha upande, kiboko akaanza kuteleza kuelekea kwenye miguu ya mwenyekiti kwa mara ya pili siku hiyo, wakamrudisha.

"Tupanue mlango," shemeji akasema, kwa sauti ndogo.

"Ukivunja mlango umevunja nyumba," Baba Watoto akasema. Hilo ndilo neno lake pekee la siku ile.

Joto lilikuwa linaondoka, kuni zangu zilikuwa zinageuka majivu, na donge lilikuwa linaanza kunuka uchachu. Mama mkwe akajikokota kutoka kwenye kile kilichobaki cha mkeka wake, akaja akasimama mbele ya bati akamtazama yule mnyama.

"Mkateni," akasema.

Shemeji, masikini, alidhani mama anaanza hotuba. "Ndiyo mama, mkate ni nini?"

"Mkateni! Shika kisu, mkate!"

Watu walilipuka. Askari wa wanyamapori akasogea akauliza kibali cha kuwinda kiko wapi, na nani kaua. Kisu kikaletwa, na mama ndiye aliyepasua wa kwanza, kipande cha mgongoni, akakifunga kwenye jani la mgomba akakiweka kando bila kusema ni cha nani. Baada ya hapo ikawa kama windo lililoingia kijijini. Nipe paja. Hilo ni langu, mimi nimeleta muhogo. Mkia ni wa mwenyekiti. Mama wa Kifipa akadai bega kwa mila asiyoweza kuieleza. Na kila aliyepewa pande lake hakulitia tanurini vilevile; alikaa nalo, chini, kwenye jiwe, kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalifinyanga upya. Hakuna aliyewaambia. Kijana wa bodaboda alitengeneza pikipiki yenye tairi tatu, la tatu la nini sijui. Mtoto wangu wa pili alitengeneza kuku. Mke wa Msukuma alitengeneza ng'ombe, na aliporidhika akamtia nundu. Mama Katumba alitengeneza chungu, chenye mdomo na kifuniko, unene sawa kote kote, na nilimwona mwenyekiti akikitazama huku mkia wake ukimlegea mkononi.

Shemeji alikuwa amesimama katikati na daftari, haandiki.

Uokaji wenyewe sina mengi ya kusema. Ili kujua kama tanuri limekuwa tayari unanyunyiza unga kidogo sakafuni mwake: ukigeuka mweusi papo hapo, subiri, ukiwa kahawia taratibu, tia. Hatukusubiri. Mkupuo wa kwanza ulitoka umevaa suti nyeusi. Wa pili ulikuwa mzuri kabisa. Wa tatu ulikuta joto limeshatorokea kwenye ule ufa, ukatoka rangi ya kidonda kilichopona, na ndani majimaji. Kisha yakaanza mabishano ya nini ni cha nani, maana vikiiva vinavimba, na ng'ombe na pikipiki vikivimba ni ndugu. Kule Fez, Moroko, familia hadi leo hupeleka madonge yao kwenye tanuri la mtaa, mtoto kabeba ubao kichwani, na mwoka mikate hujua mkate huu ni wa mlango gani bila kuuliza. Wengine huugonga alama. Sisi alama hatukugonga. Chungu tu ndicho kilichotambulika.

Kichwa, na sinia lake, havikuweza kupita mdomoni. Sinia langu lina zaidi ya sentimita arobaini. Mama yangu alilinunua kwa ajili ya pilau ya watu wanane. Mtu akasema kwake kuna sufuria kubwa, atakipalia makaa juu na chini, kitaiva. Wazo zuri. Nilisikia sauti, nikaona mgongo wa kanga, nikaona masikio ya kiboko yakipita juu ya ukuta. Wakati huo nilikuwa natoa mkupuo wa pili na nyusi zangu zinaungua.

Tulikula na chai na migebuka ya kukaanga. Kama mkate, nampa kiboko yule alama mbili kwa kumi. Ulikuwa mzito, ulikuwa mtamu mahali pasipotakiwa utamu, ukiutafuna unakutana na ulezi kwanza, kisha moshi wa asali, kisha mchanga. Ulikwisha kabla ya magharibi. Nimekaanga maandazi mazuri kuliko ule kwa miaka kumi na moja, na hakuna siku watu walibaki uani kwangu mpaka taa zikawashwa.

Jumatatu stesheni sikuwa na kitu cha kuuza na wateja walininunia. Shemeji aliondoka na treni ya wiki ileile. Aliniaga kwa heshima, akaomba maandazi ya njiani, nikampa matatu niliyokanda kwa unga wa kukopa. Deni lake sasa ni elfu mbili na mia mbili.

Mvua za kwanza za Novemba zilimega kona ya kushoto ya tanuri, Baba Watoto akalifunika kwa lile bati la kiboko, na banda la kuku halijaezekwa hadi leo. Kuku nao wameamua kwamba tanuri ndilo banda. Jumatatu hadi Ijumaa wanatagia humo. Jumamosi tunawatoa, tunafagia, tunawasha. Majirani huja na mikate yao midogo, wengi sasa wamejua kuchanganya theluthi moja ya muhogo kwa mbili za ngano, na kila mmoja ana alama yake: mmoja hugonga uma, mwingine kisoda, Mama Katumba huchora mstari mmoja kwa ukucha. Ada ni ukuni mmoja kwa mkate. Kile kipande cha mama kilichofungwa kwenye jani la mgomba hakikuonekana asubuhi yake. Sikuuliza.

Sasa nije kwako uliye nalo. Ni sinia la bati la kupakwa rangi, jeupe, lina maua ya buluu katikati na pambizo ya kijani. Ukingoni limebanduka rangi mahali pamoja, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, siku ya harusi yangu kwenye boti. Chini yake mama alikwaruza herufi ya kwanza ya jina lake kwa msumari. Sikuulizi kichwa kiliiva au hakikuiva. Lirudishe usiku, liweke juu ya tanuri, uende zako. Ila usije saa tisa, maana saa tisa mimi nimeshaamka.